Nani Amewaondoa Watazamaji? Kandanda ya Vyuo Katika Pwani ya Bagamoyo

Imezoeleka kusemwa, na wasomi wa michezo hulirudia bila kulihoji, kwamba viwanja vya vyuo vimebaki vitupu kwa sababu ya televisheni: kijana wa Bagamoyo aliyekwisha kuizoea Ligi Kuu ya Uingereza kwenye kibanda umiza, yaani banda la kuoneshea mpira kwa kiingilio kidogo, hawezi tena kusimama juani kuwatazama wanafunzi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) au wa Chuo cha Uvuvi Mbegani. Hoja hiyo ni nyepesi.

Mwaka 2021 Azam Media ilitia saini mkataba wa miaka 10 wa kurusha Ligi Kuu ya Tanzania Bara kwa shilingi bilioni 225.6, na bado Uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye nafasi ya watu 60,000, hufurika Simba na Yanga zinapokutana. Tena mechi za Jumamosi alasiri za Uingereza huanza huku saa kumi na moja au kumi na mbili jioni, kwa hiyo haziwezi kueleza utupu wa viwanja vya vyuo siku ya Jumatano. Zaidi ya yote, kibanda chenyewe kinatoa ushahidi dhidi ya hoja hiyo, kwani mtu anayelipa ili abanwe kwenye benchi, katika joto, akibishana na watu asiowajua, hajaukimbia umati bali ameufuata. Mwandishi wa mhadhara huu ana wapwa katika kata ya Dunda, Bagamoyo, wenye televisheni kubwa sebuleni, na hajapata kuwakuta wakitazama mpira nyumbani.

Historia ya kandanda ya pwani, tangu wanafunzi wa shule ya Kiungani, Zanzibar, hadi timu za mitaa ya Ng'ambo kisiwani humo, inafahamika. Kinachostahili kusomwa tena na tena ni kazi ya Mjapani Tadasu Tsuruta kuhusu Simba na Yanga, iliyomo katika kitabu cha historia za Dar es Salaam kilichohaririwa na Brennan, Burton na Lawi mwaka 2007. Tsuruta haanzii uwanjani. Anaanzia mjini, kwa watu waliotafuta wa kuketi nao, na ndipo Yanga ya 1935 na mwenzake wa 1936, aliyeitwa Sunderland kabla ya kuwa Simba mwaka 1971, wanapoeleweka kuwa jumuiya kwanza na timu baadaye. Pembeni yao zilikuwapo Egyptian na Alwatan, klabu za taarabu ambazo ushindani wao uliambatana na ule wa mpira.

Ni kweli kwamba kivuli, usafiri na saa ya mchezo vina uzito wake. Hata hivyo, kama Simba na Yanga zinavyoonesha, anayemleta mtazamaji ni mtani, yaani mpinzani wa jadi, na mfumo wa sasa hauzalishi watani. UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ilikusanya timu za mikoa Tabora mwaka 2022 na 2023. Yale ya vyuo vikuu hufuata desturi hiyohiyo ya kuzikutanisha timu mji mmoja kwa siku chache, kisha kila moja ikarudi kwao bila kisasi cha kulipiza wiki ijayo.

Panahitajika ligi ya nyumbani na ugenini kutoka Bagamoyo hadi Bunju, saa kumi jioni, bila kiingilio, kila chuo kikipewa mtaa wa kukishabikia na wanafunzi wa TaSUBa wakiingia na ngoma zao. Wakuu wa vyuo wanaombwa wakubaliane ratiba kabla ya muhula ujao, na fedha za kwanza ziende kwenye ngoma kabla ya jezi.