Kuitunza Motokaa Baada ya Safari ya Matope



Dereva awasilipo nyumbani magharibi, akitoka safari ya masika, huwa amechoka. Barabara imemtesa tangu asubuhi; mara mbili gari limesukumwa na watu, na mara moja limevutwa kwa kamba. Basi hulizima uani, hunawa miguu, hula chakula chake na kulala, akisema moyoni kwamba gari litaoshwa jua litakapotoka. Hotuba hii yahusu usiku huo, kwa maana ndio usiku ambao gari huanza kuharibika.

Nguvu ya matope ya Afrika ya Mashariki yajulikana mbali. Mwaka 1963, katika mashindano ya magari ya East African Safari, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Mwaka 1968 mvua ilifanya vivyo hivyo, yakafika 7 tena; na miaka yote miwili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Watu huyakumbuka magari yaliyoshindwa njiani. Lakini gari la mkulima, la mwalimu au la mchuuzi mara nyingi halishindwi siku ile ya matope. Hufika nyumbani salama, kisha huliwa polepole pasipo mtu kuona.

Sababu imo katika udongo wenyewe. Udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Mwea na wa tambarare za Kano, hunywa maji ukavimba, na ukikauka hunywea ukapasuka nyufa. Ungali majimaji, ndoo chache za maji zatosha kuuondoa. Ukikauka huwa mgumu kama tofali, lakini upande wa ndani, ulioshikamana na chuma, hubaki na unyevu siku nyingi. Nao unyevu ukikaa juu ya chuma huzaa kutu.

Mfano mzuri ni Land Rover, gari lililoonyeshwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na ambalo umbo lake la asili liliendelea kuundwa hadi mwaka 2016. Chuma kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, kwa hiyo sehemu kubwa ya bodi yake ilifanywa kwa aluminiamu. Wengi huiona bodi haina kutu wakadhani gari lote ni zima. Kumbe bodi hiyo imekalia chasisi ya chuma, na matope hujificha ndani ya chasisi na kwenye pembe zake zote. Huliwa kwa ndani, hata siku moja fundi aigongapo kwa nyundo, nyundo hupenya.

Basi yampasa dereva kufanya nini?

Neno la kwanza ni breki, na kazi yake huanza kabla ya kufika nyumbani. Gari likitoka majini, dereva na aende polepole huku akikanyaga breki kidogo kidogo mpaka zishike sawasawa, kwa kuwa joto la msuguano hukausha maji. Breki za ngoma zikiingiwa na matope hazijisafishi zenyewe. Matope yale husaga kama msasa, yakila viatu vya breki na ngoma pia. Yafaa gurudumu litolewe, ngoma ifunguliwe, na ndani pasafishwe kwa maji au kitambaa kilicholowa. Asipulize vumbi, kwa sababu viatu vingi vya breki vya zamani vilifanywa kwa asbesto, na vumbi lake huleta maradhi mabaya ya mapafu. Wala mtu asiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Liwekewe magogo imara kwanza.

Neno la pili ni kuosha, nako kuanze chini, si juu. Watu wengi hung'arisha milango na kuacha matope mvunguni. Atumie maji mengi na kijiti cha kuchokolea pembe za chasisi. Maji ya mashine yenye nguvu nyingi yasielekezwe kwenye beringi, maana hupenya mahali yasipotakiwa. Injini ikiisha kupoa, rejeta imwagiwe maji taratibu kutoka upande wa injini, ili matope yatoke yalikoingilia. Rejeta iliyozibwa na matope huchemsha injini hata barabara ikiwa kavu.

Neno la tatu ni mafuta. Difu hupata moto katika safari. Gari likiingia mtoni, difu hupoa ghafla na hewa iliyomo hunywea. Kitundu chake cha kupumulia kikiwa kimezibwa na matope, difu huvuta maji kupitia mipira ile ya kuzuia mafuta ambayo mafundi huiita sili. Asubuhi, gari likiwa limetulia usiku kucha, nati ya chini ilegezwe kidogo. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yakiwamo hutangulia kutoka. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa yamwagwe yote na kutiwa mapya. Kisha kila kiungo chenye nipeli kitiwe grisi mpya mpaka ile chafu isukumwe nje.

Mwenye pikipiki naye asijione amesamehewa. Mnyororo wake uoshwe, ukaushwe, utiwe mafuta, na kupimwa kama umelegea. Breki zake ziangaliwe vilevile kabla hajapakia abiria mwingine.

Mtu asidhani kwamba kazi hii ni ya kulipendezesha gari. Dereva ateremkaye ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, siku ya jua na barabara kavu, hana habari ya matope aliyoyapita juma lililopita. Lakini matope yamo ndani ya ngoma za breki, yakila kila akanyagapo. Walioketi nyuma yake, mama na mtoto wake, mzee aendaye hospitali, hawana njia ya kujua kama gari lilioshwa au halikuoshwa. Wameziweka roho zao mikononi mwake.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa gari ni matope ya leo, na wa kuuziba ni dereva, jioni hii, kabla hajaketi kula.