Aliyeona Asinyamaze
(Hotuba kwa mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Mmeniomba niseme machache juu ya kujifunza kazi. Nimechagua mahali ambapo mwanafunzi akinyamaza mtu aweza kufa, napo ni chumba cha tiba ya dharura.

Sisi wa kando ya Ziwa tunaijua dharura. Tarehe 21 Mei, 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza. Tarehe 20 Septemba, 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara. Lakini ziko dharura za kila usiku: mzazi anayetokwa damu, kijana aliyeanguka na pikipiki. Wengi wanaowapokea ni vijana wanaojifunza. Bugando, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, ina chuo cha madaktari tangu 2003. Ubingwa wa tiba ya dharura ni mchanga zaidi nchini; mafunzo yake yalianza Muhimbili mwaka 2010.

Usiku mmoja nilimfikisha mama yangu katika hospitali ambayo sitaitaja. Daktari mkubwa alikwisha kuvuta dawa kwenye bomba la sindano. Binti mmoja mwanafunzi akasema kwa sauti ndogo, "Dokta, cheti chake kinasema dawa hiyo inamdhuru."

"Nimekuomba ushauri?"

"La, dokta. Lakini naomba usome hapa."

Akasoma, akaiweka sindano chini. Mama alipona. Binti yule hakumtazama mtu usoni tena mpaka asubuhi. Nami hujiuliza: mgonjwa wa kesho yake, je, alithubutu kumsemea?

Mwaka 1996 mtafiti Amy Edmondson wa Marekani alitoa uchunguzi wake juu ya makosa ya dawa hospitalini. Alitazamia kuwa wodi zenye uongozi mzuri zingekuwa na makosa machache. Hesabu zikaonyesha kuwa ndizo zilizoandikisha mengi. Alivyoeleza yeye, huenda hawakukosea zaidi, ila hawakuogopa kusema. Penye woga, kosa hufichwa, na lililofichwa halirekebishwi.

Wapo watakaosema kwamba vijana watadeka. Sivyo. Mzembe awajibishwe. Lakini anayeuliza si mzembe, na anayesema "sijui" amemwepusha mgonjwa na mkono wa kubahatisha. Dawa ya jambo hili haihitaji fedha za kigeni. Anayepewa agizo alirudie kwa sauti kabla ya kulitenda. Mkubwa aseme mwanzo wa zamu, "Mkiona nakosea, niambieni." Mgonjwa akishatulia, wakae dakika chache waulizane walipokosea, na mkubwa aanze na kosa lake. Karipio, kama lipo, litolewe faraghani.

Ndugu zangu, tusiwanyoshee madaktari kidole tu. Darasani tulimcheka mwenzetu aliyekosea ubaoni. Nami ofisini nimewahi kumwambia karani kijana, "Wewe nani?" Alikuwa ameona kosa katika hesabu, na kweli lilikuwapo. Tangu siku hiyo hakuniletea kosa jingine. Nilidhani yamekwisha.

Ninyi wanafunzi, baadhi yenu mtavaa koti jeupe. Anzeni leo: msimcheke anayeuliza. Nasi wakubwa, tuliohitimu zamani, tujifunze kusema maneno mawili: "Asante, nimekosea."