JIMBO LETU LA BAGAMOYO NA SIRI YA KURA

(Mazungumzo kwa wanakisomo wa Fukayosi, Wilaya ya Bagamoyo)



Leo hatutazungumza habari za mbolea wala za kuchimba choo. Wiki iliyopita mwenzetu mmoja aliuliza swali darasani, na sisi tunaosimamia kisomo tukakwama. Alisema hivi: "Sisi wa Fukayosi tunaambiwa tuko Jimbo la Bagamoyo. Wenzetu wa Kiwangwa, majirani zetu kabisa, wako Jimbo la Chalinze. Nani aliyekata? Na kabla ya kukata tulikuwa wapi?"

Tuliona aibu. Sisi ni watu wazima, tumepiga kura si mara moja, na kumbe hatujui jimbo letu limetoka wapi. Basi tukaenda kuuliza wazee na kutafuta vitabuni. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na neno lenyewe. Siku hizi tukisema jimbo, tunasema eneo linalopeleka mbunge mmoja. Lakini zamani za Waingereza jimbo lilikuwa sehemu kubwa ya nchi, kama mkoa wa leo, ila kubwa zaidi. Sisi tulikuwa Jimbo la Mashariki, pamoja na Kisarawe, Rufiji, Morogoro na Kilosa. Kwa hiyo mzee akikuambia, "Jimbo letu lilifika Kilosa," usimcheke. Anasema kweli.

Kabla ya Waingereza walikuwapo Wajerumani, na Bagamoyo palikuwa makao makuu yao mpaka mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Wakati huo habari ya kuchagua msemaji haikuwapo. Amri ilitoka juu ikashuka chini, na kilichopanda kutoka chini kwenda juu kilikuwa kodi.

Mwaka 1926 Waingereza waliunda Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Gavana alikaa humo na maofisa wake, na pembeni yao aliteua wajumbe saba wasiokuwa wa serikali. Watano walikuwa Wazungu na wawili walikuwa Wahindi. Mwafrika je? Hata mmoja. Nchi ni yetu, watu ni sisi, na katika chumba kile hayupo hata mmoja wetu! Walisema maofisa wa serikali ndio wanaotusemea. Hali hiyo ilikwenda miaka kumi na tisa. Mwaka 1945 ndipo Waafrika wawili wa kwanza walipoteuliwa, nao walikuwa machifu: Kidaha Makwaia wa Usukuma na Abdiel Shangali wa Uchaga. Tazameni neno hilo, waliteuliwa. Hakuna mtu aliyepanga foleni kuwachagua.

Kura yenyewe ilikuja mwaka 1958. Lakini ilikuja na masharti, na masharti yake ndiyo yanayotufanya tulieleze jambo hili polepole.

Ili uandikishwe ilikupasa uwe umetimiza miaka 21. Hilo si gumu. Kisha ilitakiwa uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za wakati ule. Au uwe umesoma mpaka darasa la nane. Au uwe na cheo fulani kinachotambuliwa na serikali. Haya, mkulima wa mihogo wa Fukayosi mwaka 1958 apate wapi shilingi 3,000? Na darasa la nane alisome wapi? Nchi nzima ilikuwa na watu zaidi ya milioni nane, na walioandikishwa hawakufika hata laki moja. Mtu asiyejua kusoma na asiye na fedha alikuwa nje ya mlango. Karibu vijiji vyetu vyote vilikuwa nje ya mlango huo.

Na huyo aliyeingia ndani alikuta jambo jingine la ajabu. Hakupiga kura moja. Alipaswa kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mzungu, moja kwa Mhindi. Asipotimiza zote tatu, kura yake imeharibika. Watu wa TANU walikasirika sana, na wengi walitaka kuususia uchaguzi huo. Walikutana Tabora mwezi wa Januari 1958, wakabishana kwelikweli, mwisho wakakubali kuingia hivyo hivyo. Zuberi Mtemvu hakukubaliana nao, akatoka na kuanzisha chama chake cha Congress.

Katika Jimbo letu la Mashariki, Mwafrika aliyesimamishwa na TANU alikuwa Julius Nyerere. Mshindani wake alikuwa Patrick Kunambi wa Uluguru. Uchaguzi ulifanyika Septemba 1958 na Nyerere akashinda. Maana yake ni kwamba msemaji wa kwanza wa watu wa Bagamoyo aliyepatikana kwa kura alikuwa Mwalimu Nyerere mwenyewe. Tulipoyasema haya darasani watu wengi walishangaa, wakapiga makofi. Bibi mmoja akauliza, "Sasa nani wa hapa alimpigia?" Swali zuri sana hilo. Kwa masharti yale, hapa kijijini wangekuwa wa kutafuta kwa taa.

Uchaguzi wa Agosti 1960 tutaupita haraka. Baraza lilikuwa na viti 71 vya kuchaguliwa, TANU ikachukua 70, na katika majimbo mengi mgombea alipita bila kupingwa, kwa hiyo huko hakukuwa na kura ya kupiga. Desemba 1961 tukapata Uhuru.

Sasa tufike mwaka 1965, mwaka ambao wazee wetu wanausimulia huku wanacheka. Nchi ilikuwa na chama kimoja, lakini karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili wa chama hicho hicho, watu wachague mmoja. Masharti ya fedha na darasa la nane yalikuwa yameondoka. Mtu mzima yeyote aliyejiandikisha alipiga kura, akiwa anajua kusoma au hajui. Lakini wengi hawakujua kusoma! Utamwekaje mtu asiyejua A wala B mbele ya karatasi yenye majina mawili?

Basi wagombea waligawiwa alama. Mmoja alipewa jembe, mwingine alipewa nyumba. Hakuna mtu wa kijijini asiyelijua jembe, na hakuna asiyeijua nyumba. Unaingia peke yako, unatazama picha, unaweka alama yako, unakunja karatasi, unatumbukiza. Hakuna wa kukushika mkono.

Wagombea hao wawili walisimama jukwaa moja, kijiji baada ya kijiji, na kusema kwa Kiswahili tu. Walikatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi. Lakini mdomo haufungwi kamba. Mwenye jembe alisema, "Bila jembe mtakula nini?" Mwenye nyumba akajibu, "Na jua likizama, mtalala juu ya jembe?" Watu wakaangua kicheko, wakaenda kubishana vilabuni. Sisi tunaona utani huo ulikuwa na ubaya wake, maana mtu aliweza kuchagua chombo akasahau mtu. Hata hivyo watu hawakuwa wajinga. Paul Bomani, Waziri wa Fedha mzima, aliangushwa kwao Mwanza katika uchaguzi huo. Zaidi ya watu milioni mbili walipiga kura. Linganisheni na wale wa mwaka 1958 ambao hawakufika laki moja. Ni miaka saba tu imepita kati yake.

Jembe na nyumba viliendelea katika chaguzi za chama kimoja, kila baada ya miaka mitano, hadi mwaka 1990. Na hapo ndipo tunafika kwenye swali la Kiwangwa.

Mwaka 1990 Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga, alichaguliwa kuwa mbunge wa Bagamoyo. Mwaka 1992 sheria ikaruhusu vyama vingi. Ulipofika uchaguzi wa 1995, Kikwete aligombea Chalinze, akawa mbunge wa huko mpaka mwaka 2005 alipochaguliwa kuwa Rais. Tangu hapo wilaya yetu ni moja lakini majimbo ni mawili. Kutoka 2005 mbunge wetu wa Bagamoyo alikuwa Shukuru Kawambwa, na mwaka 2020 alichaguliwa Muharami Mkenge. Kule Chalinze, mbunge Said Bwanamdogo alifariki Januari 2014, na uchaguzi mdogo wa Aprili mwaka huo ukampa kiti Ridhiwani Kikwete. Ndiyo sababu wenzetu wa Kiwangwa walipanga foleni mwaka ule na sisi tukabaki mashambani. Wapo waliodhani wamesahauliwa. Hawakusahauliwa, halikuwa jimbo lao.

Kazi ya kukata majimbo ni ya Tume ya Uchaguzi. Katiba inaitaka Tume iangalie upya mipaka, angalau kila baada ya miaka kumi, na itazame idadi ya watu, njia za kufikika na hali ya nchi yenyewe. Huku kwetu jimbo linaanza baharini, Dunda na Magomeni, linapita Kiromo, Zinga, Kerege na Mapinga, linaingia bara kwa Yombo, Makurunge na Fukayosi. Ukifuata lami ya Msata ukivuka kata yetu, unaingia Kiwangwa kwenye mananasi, na hapo uko jimbo jingine. Barabara ni moja, na wakwe ni hao hao. Lakini ukijiandikisha Kiwangwa kwa sababu shamba lako liko kule, usije ukamdai diwani wa Fukayosi akusemee. Atakuuliza unapiga kura wapi, na hutakuwa na la kujibu. Hili limetokea, na aliyeulizwa anatusikiliza hapa!

Mtu mwingine anaweza kusema, mambo haya ya kura yameletwa na Waingereza, na wao waliyaweka sawa tangu zamani. Hata kidogo. Huko Uingereza kulikuwa na mahali panaitwa Old Sarum. Palikuwa kilima chenye magofu, karibu hapana mtu anayeishi, na palipeleka wabunge wawili. Wakati huo huo mji wa Manchester, wenye viwanda na watu tele, haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Walirekebisha mwaka 1832.

Na vijijini kwao kulikuwa na jambo baya zaidi. Mpiga kura hakuandika kwa siri. Alisimama mbele ya watu akalitaja kwa sauti jina la anayemtaka. Mkulima alikuwa amepanga shamba la tajiri, na tajiri au mtu wake yuko pale anasikiliza. Atamtaja nani? Akimtaja asiyetakiwa, kesho anaweza kuambiwa ahame na watoto wake. Waliendelea hivyo mpaka mwaka 1872 walipoweka kura ya siri.

Tumeyaleta ya Uingereza kwa sababu ya mwenzetu mmoja wa kisomo hiki. Ametupa ruhusa tuseme, lakini jina lake tutalificha.

Siku hizi karatasi ya kura ina picha ya mgombea, jina lake, na chama chake na alama ya chama. Katika uchaguzi mkuu unapewa ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Mtu asiyejua kusoma anaruhusiwa kuingia na mtu anayemwamini, amsaidie. Mama huyu hakujua kusoma, na karatasi zilimtia hofu. Akaingia na kijana wa nduguye. Akamwonyesha anayemtaka, kijana akaweka alama, wakatoka. Jua halijazama, habari zimefika kisimani. Zikafika kwa shemeji zake, ambao walikuwa wakimpigania mgombea mwingine. Hawakumpiga wala hawakumtukana. Walimnyamazia tu. Alipouguza mtoto, hakuna aliyekuja na uji. Msimu wa kupalilia akapalilia peke yake. Mwaka mzima! Yeye mwenyewe alituambia, "Kumbe mimi sikupiga kura. Mimi nilitangaza."

Ndiyo maana alikuja kisomo. Hakuja kwa ajili ya barua wala mizani ya korosho, kama wengi wetu. Alituambia siku ya kwanza kabisa kwamba anataka kusoma majina ya watu. Basi tukamfundisha kwa majina. Tuliandika ubaoni majina ya kata, ya vijiji, ya wanakisomo. Herufi za mwanzo zilimchukua siku nyingi, na "ng" na "ny" zilimtoa jasho.

Uchaguzi uliofuata, majina ya waandikishwaji yalipobandikwa ukutani, alikwenda akatafuta la kwake kwa kidole, mstari kwa mstari. Akaliona. Herufi moja ilikuwa imekosewa. Akamwita karani, akamwonyesha, ikasahihishwa. Siku ya kura yule kijana alimfuata kwenye foleni akasema, "Mama mdogo, nikusaidie?" Akamjibu, "Kaa hapo hapo, baba."

Akaingia peke yake. Alikaa sana kule ndani, tusiwafiche. Nyuma yake watu walianza kunung'unika, jua lilikuwa kali, na mzee mmoja akauliza kama mama amelala. Alipotoka alitumbukiza karatasi zake moja moja, akajifuta uso kwa upande wa khanga, akashika njia ya nyumbani. Jioni shemeji zake walimuuliza amempa nani. Aliwaambia mihogo imeiva, wakaribie.