Mke Azalie Wapi?
Hotuba juu ya kuchagua mahali pa kujifungulia, kwa wakazi wa Kimisagara

Maneno ya leo ni juu ya jambo ambalo katika nyumba nyingi husemwa kwa sauti ya chini, na aghalabu husemwa usiku, wakati umekwisha kuwa mfupi. Nalo ni hili: mke akiwa mja mzito, azalie wapi?

Zamani swali hili lilikuwa halina uzito katika mitaa ya Kigali. Biryogo, Nyamirambo na hapa Kimisagara, wazee wengi waliopo walizaliwa juu ya mkeka, mikononi mwa mkunga wa jadi aliyeitwa kutoka nyumba ya jirani. Wakunga wale walikuwa na utu na ujasiri, wala haifai kuwatukana. Lakini hesabu zilizofanywa na serikali zaeleza bei iliyolipwa. Uchunguzi wa mwaka 2000 ulionyesha kwamba katika Rwanda, kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, akina mama 1,071 walikufa kwa sababu ya uzazi. Uchunguzi wa mwaka 2010 ukaonyesha 476, na ule wa 2019 hadi 2020 ukaonyesha 203. Katika miaka hiyohiyo watu walihamia kuzalia hospitalini na katika vituo vya afya: mwaka 2005 walikuwa watoto 28 tu katika kila 100, na kufika 2020 wakawa 93.

Basi kuwahubiria watu wa Kimisagara kwamba wasizalie nyumbani ni kumwagia maji mtu aliyekwisha kuoga. Wamesikia, na wengi wametii. Lakini 203 katika laki moja ni karibu mama mmoja kwa kila watoto mia tano wanaozaliwa, na kwa kuwa takribani kila mtu sasa huenda kwenye kituo, yapasa kuuliza ni kituo gani, na mtu hufika saa ngapi, na akifika hali yake ikoje. Hapo ndipo roho zinapopotea.

Watu huchaguaje? Mmoja huchagua kwa jina la hospitali, kwa kuwa dada yake alizalia huko salama. Mwingine huchagua kwa uzuri wa jengo na mapazia. Wa tatu hukimbia mahali fulani kwa kuwa muuguzi alimkemea shoga yake, na huyu wa tatu asidharauliwe, kwani mwanamke anayeogopa kukemewa huchelewa kwenda, na kuchelewa kwenyewe ni hatari. Hata hivyo, swali la kwanza la kuulizwa si lolote katika hayo. Swali ni hili: jambo likiharibika saa nane za usiku, mahali pale wana nini, na nani yuko macho?

Uzazi mwingi huenda salama, na kwa uzazi wa namna hiyo Kituo cha Afya cha Kimisagara, au kituo kingine kilicho karibu na nyumba, chatosha. Wapo wakunga na wauguzi, ipo sindano ya kukaza kizazi baada ya mtoto kutoka ili damu isimwagike, na kadi ya mama imo katika daftari lao tangu mimba ilipokuwa changa. Ila kwa kawaida vituo vya afya havina chumba cha upasuaji. Kwa hiyo wako wanawake ambao hawana haki ya kungojea utungu uwaamulie. Mwanamke aliyepata kupasuliwa katika uzazi uliopita, mwenye mapacha, mwenye mtoto aliyekaa vibaya tumboni, mwenye shinikizo la damu au aliyevimba uso na kuumwa na kichwa, aliyetokwa na damu nyingi mara ya kwanza: hawa mahali pao ni hospitali yenye daktari wa kupasua na yenye damu ya kumtilia mgonjwa. Waambiwe hivyo mwezi wa saba, si siku ya utungu.

Kuhusu damu, liko jambo la kustaajabisha. Tangu mwezi wa Oktoba 2016, ndege ndogo zisizo na rubani huruka kutoka Muhanga zikipeleka damu katika hospitali za mikoani, nazo huidondosha kwa mwavuli mdogo. Yote hayo yamefanywa kwa sababu mama anayetokwa na damu baada ya kuzaa, ingawa alikuwa mzima asubuhi, aweza kufa ndani ya saa mbili. Na saa mbili hizo, kwa mtu wa Kimisagara, zahesabiwa tangu mlangoni kwake.

Hapa ndipo pa kukaa kidogo. Wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika mwaka 1994 kwamba akina mama wanaokufa huuawa na ucheleweshaji wa namna tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mtu akisikia habari za kuchelewa njiani hudhani ni shida ya vijiji vya mbali. Lakini aitazame Kimisagara yenyewe. Nyumba zimepanda mlima moja juu ya nyingine, vichochoro ni vya miguu, ngazi ni za udongo, na mvua ya Aprili ikinyesha mfereji wa Mpazi hufurika na vijia huwa utelezi mtupu. Gari la wagonjwa laweza kuitwa kwa namba 912, nalo likafika barabarani upesi, kisha likasimama pale, kwa kuwa kati ya barabara na mlango wa mwenye utungu zimo hatua mia tatu za mteremko. Hospitali ikiwa karibu kwa macho, bado yaweza kuwa mbali kwa miguu ya mwanamke anayetokwa na maji.

Wanyarwanda wa vijijini walikuwa na ingobyi, machela ya kufuma iliyobebwa mabegani na wanaume wanne, na kila kilima kilikuwa na zamu yake ya kubeba. Jina hilohilo huitwa ile ngozi ya kumbebea mtoto mgongoni, na ni nadra lugha kusema kweli kwa ufupi namna hiyo. Mjini ingobyi imesahauliwa, mahali pake pakashikwa na pikipiki. Mwanamke mwenye utungu mkali hapandishwi pikipiki usiku katika mteremko. Basi mume ajue mapema ni vijana gani wanne watakaogongewa mlango, machela iko kwa nani, na ni kichochoro kipi hakifuriki. Mjumbe wa afya wa mtaa naye apewe habari, kwani kazi yake ni hiyo.

Limebaki neno la sitara, ambalo wengi hulishika moyoni bila kulisema. Mume huuliza: je, kama aliyeko zamu ni mwanamume? Wanazuoni walilijibu jambo hili zamani, na Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Brunei mwaka 1993 likalithibitisha kwa utaratibu: atafutwe kwanza tabibu mwanamke Mwislamu, asipopatikana mwanamke asiye Mwislamu, asipopatikana mwanamume Mwislamu, na asipopatikana huyo, mwanamume asiye Mwislamu, na kisifunuliwe ila kiasi kinachohitajiwa. Huo ni utaratibu wa kutafuta, wala si ruhusa ya kungoja. Anayetaka mkunga mwanamke aulize kliniki wakati wa kupima mimba, wakati bado ana nafasi ya kuchagua. Lakini mume anayemzuia mkewe mlangoni mwa chumba cha kuzalia, damu inatoka, kwa kuwa daktari aliyetokea ni mwanamume, huyo hakuilinda dini. Kulinda uhai ni katika mambo yaliyoletewa sheria.

Na jambo hili lina ndugu yake. Daktari akisema mtoto atolewe kwa kupasuliwa, watu husema ngojeni mama mkwe aje, ngojeni baba apigiwe simu. Aliyelala kitandani ndiye mwenye mwili. Akiwa na akili zake, neno lake ndilo la kwanza. Mume anayesafiri na ampe idhini yake mbele ya watu kabla hajaondoka, pasibaki hoja.

Ama fedha, nazo zina kanuni zake. Mwenye mituweli huanzia kituo cha afya, akalipa faranga 200, na akihitaji hospitali hupewa karatasi ya transferi, na huko hulipa sehemu ya kumi ya gharama. Akiruka kituo pasipo dharura, huenda akatakiwa kulipa yote. Kliniki nyingi za watu binafsi hazipokei mituweli kabisa, na yako majumba mazuri ambayo mambo yakiwa magumu nayo humtia mgonjwa garini na kumpeleka hospitali ya serikali ileile aliyoikimbia. Kwa hiyo anayejua kwamba atahitaji hospitali na aiombe transferi mapema, na amwulize mkunga wa kituo ni hospitali ipi atakayopelekwa. Kwa miaka mingi watu wa pande hizi walizoea kutaja Muhima kwa uzazi, na sasa wengine hutaja Hospitali ya Nyarugenge. Lakini transferi haiandikwi kwa mazoea ya watu. Na mituweli ilipwe kabla ya mwaka wake mpya kuanza Julai, maana mtoto hangoji mshahara.

Mwisho ni juu ya kurudi. Shirika la Afya Duniani hushauri mama akae kituoni angalau saa 24 baada ya kuzaa salama, kwa kuwa damu na homa ya mtoto hujitokeza katika saa hizo. Huku kwetu wageni hukusanyika mapema, uji umekwisha kupikwa, na mama huvutwa nyumbani kabla jua halijachwa. Adhana yaweza kusomwa sikioni mwa mtoto palepale wodini, kwa sauti ndogo isiyowaudhi wagonjwa wengine, na akika siku yake ni ya saba. Wageni waambiwe waje kesho kutwa.