HOMA IKIRUDI, MUNGU HAJAONDOKA

Somo: Isaya 38:1-6 na 21

Leo ninasema na ndugu aliyepata homa, ikashuka, akatoa ushuhuda kanisani, na kisha juma moja homa ikamrudia. Sasa usiku hapati usingizi. Anajiuliza: Nitakufa? Nimekosa imani? Ni nani ananiloga?

Mpendwa, kuna homa yenye tabia hiyo. Inaletwa na papasi, ambaye wengine wetu wanamwita kimputu. Anajificha katika nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku anatoka, ananyonya damu, anarudi shimoni mbele hujaamka. Anaacha vijidudu ndani ya damu. Mwili unapigana navyo, homa inashuka. Lakini vichache vinavyobaki vinabadilisha vazi lao, mwili hauvitambui tena, na homa inapanda upya. Basi kurudi kwa homa si alama ya dhambi, wala si kazi ya yule mama mzee jirani unayemshuku. Ni ugonjwa ambao haujaisha katika damu.

Je, unaua? Sitawadanganya: unaweza kuua. Mwaka 1905 munganga Mwingereza, Joseph Dutton, aliyekuwa akichunguza homa hii hapa kwetu Kongo, alikufa nayo kule Kasongo. Mwenzake Todd aliugua pia, akapona. Hata bila dawa wengi hupona, wachache hufa, na hatari inazidi kwa mwanamke mwenye mimba na mtoto anayezaliwa. Lakini leo dawa iko. Anayetibiwa mapema ni nadra sana afe.

Tumtazame mfalme Hezekia. Habari ya kifo chake aliletewa na nabii mwenyewe. Aligeukia ukuta, akalia, akaomba, na Mungu akamwongezea miaka 15. Wengi tunafunga Biblia hapo. Endelea mpaka mstari wa 21! Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme. Kinywa kilichotoa ahadi ndicho kilichoagiza dawa. Hezekia hakusema kwamba tini ni kukosa imani.

Kwa hiyo, nenda kituo cha afya. Mwambie munganga kwamba homa ilikwenda ikarudi, na mahali ulipolala. Usijitibu palu nyumbani kwa kubahatisha. Omba damu yako itazamwe wakati homa iko juu. Dawa ya kwanza imeze hapo hapo, mbele ya waganga, kwa sababu katika saa za kwanza homa inaweza kupanda na mwili kutetemeka sana. Usikimbie! Maliza dawa zote. Nyumbani, ziba nyufa, inua kitanda, kisigusane na ukuta.

Na wewe kanisa, mgonjwa asiulizwe dhambi yake. Msindikize hospitali, changa pesa ya dawa, omba naye kabla na kisha.

Lakini inabaki hofu yenyewe. Waebrania 2:15 inatuonyesha watu waliokuwa watumwa maisha yao yote kwa kuogopa mauti. Hezekia naye, miaka 15 ilipokwisha, alikufa. Lazaro aliyefufuliwa, alikufa tena. Siku yetu iko mikononi mwa Bwana, na kuhangaika usiku kucha hakuisogezi mbele hata saa moja. Yesu aliingia kaburini akatoka: anayekwenda naye hata kifo hakimtengi naye. Siku ambazo homa imetulia, usizitumie kungoja kufa. Lima shamba lako, lea watoto, imba.

Tuombe: Baba, ponya damu ya watoto wako, bariki mikono ya waganga, vunja utumwa wa hofu katika kila nyumba inayotusikia. Katika jina la Yesu. Amina.