Mgeni wa kujitolea na mtoto wa Kihonda

Juma hili nataka tuzungumze kuhusu vijana wa kigeni wanaokuja kujitolea katika makao ya watoto. Sisi wa Morogoro tunawajua. Wanashuka basi Msamvu, begi mgongoni, wanapanda bajaji mpaka Kihonda, na kabla giza halijaingia tayari kuna mtoto mmoja kiunoni na wengine wawili wamening'inia mikononi.

Niseme mapema kwamba walio wengi wana moyo mzuri, tena si wavivu. Kazi ya makao haina mwisho. Alfajiri kuna kuamsha watoto na kutoa juani magodoro yaliyolowa usiku. Kuna uji wa kukoroga, sare za kutafuta, na kiatu kimoja ambacho kila siku hakionekani. Wakubwa wakishakwenda shule zinafuliwa nguo, na maji ya Kihonda si jambo la kufungua bomba tu; zipo siku ndoo hupangwa foleni. Katikati ya mchana huyu ana homa apelekwe zahanati, yule amegoma kula maharage. Usiku, madaftari. Kijana ambaye kwao nguo hufuliwa na mashine, juma la kwanza tu vidole vimechubuka kwa sabuni ya mche. Hilo tumpongeze.

Lakini hebu tugeuke tumtazame mtoto. Mtoto wa miaka miwili hajui viza wala likizo. Anajua mikono iliyomlisha jana. Mgeni akikaa majuma matatu akaondoka, kwa mtoto yule huyo ni mtu wake aliyepotea. Juma linalofuata anakuja mwingine, naye anaondoka. Mwishowe mtoto huzoea kumkimbilia kila anayeingia getini na kumkumbatia, hata asiyemjua. Wageni hufurahi, hupiga picha, husema watoto wa Kiafrika wana upendo! Mama mlezi aliyesimama pembeni anaona jambo jingine kabisa.

Haya si maneno ya mtangazaji mwenye wivu. Mwaka 1951 daktari wa Kiingereza, John Bowlby, alilieleza Shirika la Afya Duniani jinsi mtoto mdogo anavyodhurika akikosa mlezi mmoja wa kudumu. Utafiti ulioanza mwaka 2000 katika makao ya Romania ulionyesha kwamba watoto waliohamishiwa kwenye familia wakiwa bado wadogo waliendelea vizuri kuliko wenzao waliobaki. Na Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio ambalo, pamoja na mengine, linagusa utalii na kujitolea katika nyumba za yatima. Jirani zetu wa Kenya mwaka 2022 walitoa mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kwenye familia.

Hapo kwenye familia ndipo penye mzizi wa mambo. Mgeni huambiwa anakuja kuwasaidia yatima. Akidadisi kidogo atakuta wengi wana mzazi mmoja aliye hai, au bibi, au shangazi. Na hapa tuko Uluguru, jamani! Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti na wajibu juu yake. Sasa mtoto mwenye mjomba Mgeta au Matombo amekuwaje hana kwao? Mara nyingi jibu ni sare, daftari, chakula cha miezi ya njaa kabla ya mavuno. Mjomba hakumtupa mtoto, alishindwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, ila sheria haimnunulii mjomba debe la mahindi.

Nauli ya ndege kutoka Ulaya, kuja na kurudi, mara nyingi huvuka shilingi milioni mbili. Kwa fedha hizo bibi wa mlimani angemlea mjukuu kwa muda mrefu, na nauli ya mjomba kuja kumwona mtoto Jumapili isingekuwa tatizo. Sisemi wageni wasije. Aje fundi bomba atengeneze tangi. Aje muuguzi awafundishe walezi, aje anayejua hesabu za ofisi, na akae miezi, akiwa na kibali cha ukaazi daraja C kama taratibu za Uhamiaji zinavyotaka, si viza ya matembezi. Kumbeba na kumlaza mtoto mchanga abaki nako mama mlezi, yule atakayekuwepo mwakani, na mshahara wake ufike kwa wakati.

Wenye makao wa Kihonda wanaotaka kuanza kuwatafuta hao wajomba na mabibi wasihangaike peke yao. Maofisa ustawi wa jamii wa Manispaa kazi hiyo ni yao, na waulizwe. Kwa leo naishia hapo.