Draiva: Mkalimani wa Kadi ya Picha

Mwenye kalamu na aiweke karibu.

Tuseme darasa lenu limechanga fedha, likanunua kompyuta kuukuu. Mmetia ndani yake Linux, kwa sababu haina malipo. Mnaiwasha. Taa inawaka, feni inazunguka, lakini kioo ni cheusi. Je, mmeuziwa kitu kibovu? Huenda sivyo. Huenda kinachokosekana ni draiva.

Draiva ni nini? Ndani ya kompyuta mna chombo kiitwacho kadi ya picha. Kazi yake ni kuchora kila mnachokiona kwenye kioo. Lakini kadi na Linux hazisemi lugha moja. Lazima awepo mkalimani kati yao. Mkalimani huyo ni programu, nayo ndiyo iitwayo draiva.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Helsinki, Finland. Maandishi yake yako wazi. Mtu yeyote aweza kuyasoma na kuyarekebisha. Lakini draiva ziko za namna mbili: za wazi, na za siri. Draiva ya siri hurekebishwa na kampuni iliyoitunga tu.

Kampuni ya Intel hutoa draiva za wazi. AMD ilianza kutoa maelezo ya kadi zake mwaka 2007. Nvidia ilishika njia ya siri kwa muda mrefu. Basi watu wengine wakazichunguza kadi zake kwa subira, wakatunga draiva ya wazi iitwayo Nouveau. Ilianza kutolewa pamoja na Linux mwaka 2010. Mwaka 2022 Nvidia yenyewe ilifungua sehemu ya draiva yake, lakini kwa kadi za karibuni tu.

Jambo hili latuhusu sisi wanunuzi wa vitu vikuukuu. Linux hubadilika kila miezi miwili hivi, na draiva lazima ifuatane nayo. Draiva ya wazi yaweza kutunzwa na watu wengine, hata kampuni ikiisahau kadi. Draiva ya siri ikiachwa, hakuna wa kuirithi. Kadi za Nvidia GeForce 400 na 500, zilizoanza kuuzwa mwaka 2010, ziliachwa mwishoni mwa 2022. Kadi haikufa, mkalimani wake ndiye aliyestaafu. Mwenye kadi hiyo hutegemea Nouveau. Aweza kusoma na kuandika barua, lakini kadi haifanyi kazi kwa nguvu zake zote.

Basi, kabla ya kutoa fedha, fanyeni mambo matatu.

Kwanza, ulizeni jina na namba ya kadi, mkaiandike.

Pili, chukueni Linux katika flashi. Yaweza kuwashwa kutoka humo bila kufuta kitu ndani ya kompyuta. Ijaribuni mbele ya muuzaji.

Tatu, tazameni kioo. Je, maandishi ni safi? Filamu yaenda bila kukwama?

Muuzaji akikataa kujaribiwa, rudini nyumbani na fedha zenu.

Sasa jibuni katika madaftari:
1. Draiva hufanya kazi gani?
2. Kwa nini draiva ya wazi humfaa mwenye kompyuta kuukuu?

Kwaherini mpaka kipindi kijacho.